Isipokuwa Sita

Mwalimu Zefania Mkumbo alikuwa na namna yake ya kufundisha fankisheni, ile kanuni ya hesabu inayoipa kila namba jibu lake, na wilaya nzima ya Iramba iliijua. Akishaandika ubaoni sehemu yenye x juu na x chini, alirudi nyuma hatua mbili, akakunja mkono wa shati, kisha akanguruma: "Tunafanyaje?" Darasa zima likamjibu kwa mpigo mmoja: "Kata juu, kata chini!" Naye akakata kwa madaha, mistari miwili ya chaki iliyolala, vumbi likimwangukia viatuni. Kilichobaki kilikuwa kifupi na chepesi, na wanafunzi walipiga makofi kama watu waliotolewa mwiba. Miaka ishirini na saba alifanya hivyo. Walimu wenzake walimwita Baba wa Hesabu, naye hakuwahi kuwakataza.

Mtu akiitwa baba miaka yote hiyo, kichwa humvimba hata kama hakutaka. Zefania alitaka.

Mwaka huo, moko, yaani mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, ilipokaribia, yeye ndiye aliyeombwa kutunga swali la fankisheni, na yeye ndiye aliyeandika mwongozo wa kulisahihisha. Usahihishaji ulifanyika Kiomboi, katika ukumbi wa shule moja, mwezi wa nane, upepo ukitikisa mabati mchana kutwa. Kazi iligawanywa kama inavyogawanywa siku zote: kila meza na swali lake. Karatasi ya mtahiniwa hutoka meza hii ikaenda ile, na mwalimu husahihisha swali moja tu, mamia kwa mamia, mpaka analiota. Zefania aliongoza meza ya swali la kumi na moja, akiwa na walimu wanne chini yake.

Swali lenyewe lilikuwa la fankisheni ya sehemu: juu, kipeo cha pili cha x kutoa tisa, chini, x kutoa tatu. Mwanafunzi aonyeshe kwamba kila namba inayoingia hutoa jibu lake peke yake, lisilotolewa na namba nyingine. Kisha atafute kinyume, yaani njia ya kurudi kutoka kwenye jibu hadi namba iliyoingia. Mwisho ataje namba zipi zinaruhusiwa kupita katika hiyo njia ya kurudi. Mwongozo wa Zefania ulikuwa mfupi kama alivyo yeye mwenyewe: kata juu, kata chini, inabaki x kujumlisha tatu, kinyume chake x kutoa tatu, namba zote zinaruhusiwa.

Asubuhi ya kwanza, kabla kalamu nyekundu hazijafunguliwa, mwalimu mmoja wa meza yake alimsogelea. Jina lake Martina, binti wa miaka ishirini na nane, anafundisha shule ya kata kule chini ya mlima wa Sekenke. Zefania alimfahamu vizuri, maana alimfundisha yeye mwenyewe kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

"Naomba tuongee kidogo, pembeni."

"Pembeni kuna nini? Hesabu haina siri. Sema hapa hapa, wenzako wasikie."

Martina alitazama meza, akatazama na mlango. "Ni kuhusu mwongozo, mwalimu. Ile sehemu ya mwisho. Nafikiri tungeitazama tena."

"Anafikiri!" Zefania aliwageukia wengine, mikono ameitandaza. "Mnamsikia? Huyu nimemfundisha mimi, akiwa hajui hata kushika bikari. Leo chuo kimempa cheti, anataka kunifundisha kukata."

Walicheka wote watatu, maana kiongozi wa meza akitania, unacheka. Martina naye alitabasamu kidogo. "Samahani, mwalimu," akasema, akaketi, akaanza kusahihisha kwa kufuata mwongozo.

Siku ya tatu lilifika fungu la karatasi za shule moja, thelathini na nane. Zefania akafungua ya kwanza, akakuta mtahiniwa amekata vizuri, kinyume amekipata, lakini mwishoni ameandika: namba zote isipokuwa 6. Akapiga mkasi mwekundu wa kosa. Ya pili, isipokuwa 6. Ya tatu hali kadhalika. Akazipekua zote kwa haraka, kidole kikilowa mate, akahesabu thelathini na moja zenye sita ile ile.

"Hii sita wameiokota wapi?" akauliza kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka.

Kila msahihishaji anajua maana yake. Watoto wakikosea kila mmoja kivyake, hiyo ni shule. Wakikosea wote kosa moja, tena kosa la ajabu lisilo na kichwa wala miguu, basi kuna mtu kawapa jibu. Zefania akatazama namba ya kituo, akaona ni shule ya Martina. Moyoni akasikia kitu kilichofanana na furaha, na hicho ndicho baadaye kilimtesa kila alipokikumbuka.

Akaandika taarifa ya kurasa mbili kwa mkono wake. Udanganyifu ukithibitika, watahiniwa wale thelathini na mmoja wangefutiwa mtihani, na Martina angefikishwa kwenye nidhamu kwa kosa la kuwapa wanafunzi majibu. Kwa mwalimu aliyeajiriwa juzi, hapo ajira imekwisha. Zefania aliyajua yote hayo wakati anatia sahihi.

Wiki iliyofuata ofisa wa elimu aliyeitwa Festo alitumwa kwenda kuchunguza, naye akamwomba Zefania amsindikize kama mtaalamu wa somo. Gari liliteremka mlima wa Sekenke asubuhi, likaiacha lami na kuingia njia ya vumbi, mashamba ya alizeti yamekwisha kuvunwa pande zote na mbuzi wanatafuna mabua. Festo alikuwa mtu mpole, mwenye daftari na kalamu tatu mfukoni. Alisema hataki kumwonea mtu.

Martina alipohojiwa hakujitetea sana. "Niliwafundisha hivyo," alisema. "Waulizeni wenyewe." Alipoulizwa kwa nini aliwafundisha hivyo wakati mwongozo wa wilaya unasema vingine, alimtazama Zefania mara moja, akainamisha uso. "Waulizeni wenyewe, mheshimiwa."

Basi wakaingia darasani. Festo akachagua namba moja kutoka kwenye orodha bila kuangalia, akasimama msichana mwembamba aliyeitwa Faith, ambaye baba yake alikuwa machimboni. Alipewa chaki. Aliandika taratibu, na maandishi yalikaa sawa.

"Tueleze," Zefania akasema, amekunja mikono kifuani. "Hiyo sita umeitoa wapi?"

"Mwalimu, nikiweka tatu hapa, chini inakuwa sifuri. Kwa sifuri hatugawanyi. Kwa hiyo tatu hairuhusiwi kuingia."

"Lakini ukikata juu, ukakata chini, hakuna tena cha chini. Sifuri iko wapi?"

"Tunakata wakati tatu imeshazuiwa, mwalimu." Faith alifikiri kidogo. "Kama shamba la nyumbani. Mbuzi amekatazwa kuingia. Hata tukiondoa miba ya uzio tukaipika, mbuzi bado amekatazwa."

Nyuma ya darasa mtu alicheka, akajiziba mdomo.

"Haya, endelea."

"Sasa kila namba ina jibu lake moja, hazichangii. Jibu la sita lingetolewa na tatu tu, hakuna namba nyingine ya kulitoa. Tatu haikuingia. Kwa hiyo sita haikutoka." Alichora mshale wa kwenda, halafu wa kurudi, na huu wa kurudi akauishiza hewani. "Tukirudi kinyume, sita haina pa kwenda. Ndiyo maana tunaiacha nje."

Zefania alielewa. Tuseme ukweli: alielewa binti akiwa bado kwenye habari za mbuzi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama joto, ikafika shingoni na masikioni. Aliona ubao wake wa shuleni, akaona ile mistari yake miwili ya madaha, akaona kwamba miaka ishirini na saba alikuwa anaufuta uzio mbele ya watoto na kuwaambia sasa shamba ni la wote. Si kosa kubwa kwa anayelitazama kwa mbali. Ni namba moja tu kati ya namba zisizo na idadi. Lakini somo lenyewe lilikuwa pale, katika ile namba moja, na mtoto wa miaka kumi na saba aliliona, yeye hakuliona.

Festo alikuwa amesimamisha kalamu juu ya daftari. "Mwalimu, sisi wengine hesabu tulizikimbia kidato cha pili," alisema kwa upole. "Nakutegemea wewe. Huyu ameelewa anachosema, au amekaririshwa?"

Martina alisimama mlangoni, mikono ameifumbata. Neno lilikuwa moja tu, na Zefania alikuwa nalo mdomoni.

"Amekaririshwa," akasema.

Festo akaandika. Faith aliitazama chaki yake, akaiweka taratibu kwenye ukingo wa ubao, akarudi kuketi. Ofisini kwa mkuu wa shule Zefania alitia sahihi tena, chini ya maneno hayo. Alipotoka alipita karibu na Martina, naye Martina akamwambia, "Safari njema, mwalimu," kwa sauti ile ile ya siku zote. Zefania aliitikia huku anatazama gurudumu la gari.

Nyumbani, mchana ule ule, alikaa na karatasi na kalamu akitafuta mahali ambapo binti amekosea. Aliweka mbili nukta tisa, ikamtolea tano nukta tisa. Aliweka tatu nukta moja, ikamtolea sita nukta moja. Alisogea karibu zaidi, pande zote mbili, na sita ikabaki pale katikati haijaguswa. Alifungua kitabu alichofundishia tangu ujana, akakuta ukurasa wenyewe una mstari mdogo chini ya mfano, umeandikwa kwa herufi ndogo: pale ambapo x si tatu. Aliupita mstari ule kila mwaka. Pembeni yake palikuwa na alama ya kalamu yake mwenyewe, ya mwaka wa kwanza kazini, amepigia tiki.

Chakula kilimshinda. Mkewe alimuuliza kama anaumwa, akasema ni vumbi la barabarani. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye hakutaka pole. Kukosea hesabu kungemwuma wiki moja, angejicheka, yakaisha. Kilichomkaba ni lile neno moja. Alilisema akijua. Alimtazama mtoto wa watu usoni, mtoto aliyesema kweli, akamwita kasuku, ili yeye abaki Baba wa Hesabu mbele ya mtu asiyejua hata hesabu zenyewe. Kila alipolikumbuka alifumba macho, kama mtu anayeweza kujificha nyumbani kwake mwenyewe.

Kesho yake saa mbili alikuwa ofisini kwa Festo, kofia mkononi.

"Ile taarifa," alisema, "si kweli. Watoto wako sahihi. Mwongozo wangu ndio wenye makosa."

Festo aliweka kalamu chini. "Umegundua jana usiku?"

Hapo palikuwa na mlango mwingine wa kutokea, tena mpana. Zefania aliuona, na aibu ikamsukuma apite. "Nimegundua… nilipofika nyumbani," alisema. Kisha akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Festo hakuuliza zaidi. Alimpa karatasi nyeupe. "Andika kwa mkono wako. Meza yako italisahihisha swali hilo upya kwa wilaya nzima. Na wale watoto? Wameshaambiwa wanafutiwa mtihani. Nani atakwenda kuwaambia?"

"Nitakwenda mimi."

Alikwenda siku iliyofuata kwa bodaboda, peke yake, mlima wote akiwa ameshika kofia. Martina alimkuta chini ya ukuta wa ofisi ya walimu anakung'uta vumbi suruali. Alimwamkia, akamletea maji ya kunywa, akamletea na kiti. Zefania hakukaa. Alimweleza yote kwa haraka, mwongozo, taarifa, barua kwa ofisa, yote isipokuwa lile moja.

"Nilijua, mwalimu," Martina alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Mwaka wa kwanza chuoni. Lilikuja swali kama hilo, nikajibu ulivyotufundisha. Nilipata sifuri. Mhadhiri akalisoma jibu langu mbele ya darasa kama mfano wa kosa." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua za mwaka juzi. "Likizo nilikuja shuleni kwako nikuambie. Nikakuta unafundisha mada hiyo hiyo. Nilisimama dirishani. Wanafunzi walikuwa wanafurahi sana, mwalimu, na wewe ulikuwa unafurahi. Nikaona nitakuvunjia heshima. Nikarudi nyumbani."

Zefania alitaka ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Sekenke, ambayo watu huichimba mchana na usiku, siku hiyo ilikuwa ngumu kama jiwe. Binti huyu alikuwa radhi kupoteza kazi kuliko kumwambia mkubwa mbele ya watu kwamba amekosea. Na mara moja tu aliyojaribu kumwambia pembeni, aligeuzwa kichekesho.

"Mwalimu, si lazima uingie darasani," Martina aliongeza. "Niandikie karatasi tu, nitawasomea. Wewe ni mtu mzima. Inatosha."

"Haitoshi," Zefania alisema.

Aliingia. Wanafunzi walisimama wote, wakamwamkia kwa pamoja, akawaambia wakae. Hakushika chaki. Alizoea kuongea na madarasa ya watoto themanini bila kutafuta maneno, na sasa mbele ya hawa thelathini na wanane aliyatafuta moja moja. Aliwaambia kwamba mtihani wao haufutwi. Aliwaambia kwamba walichoandika ni sahihi, na kwamba aliyekosea ni yeye, tena ni kosa alilowafundisha wengine kwa miaka mingi. Aliwaambia kwamba mwalimu wao hakuwapa majibu, aliwafundisha. Wavulana wawili wa mbele walitazamana, hawakujua kama wanaruhusiwa kufurahi. Martina alisimama nyuma kabisa.

"Naombeni mnisamehe," alimaliza. Akageuka kutafuta kofia yake mezani. Alihisi wepesi kidogo, ule wa mtu aliyekwisha kulipita pito baya, na aliuamini wepesi huo kwa hatua mbili nzima.

Faith alikuwa ameinua mkono.

"Sema, binti."

Alisimama. "Shikamoo, mwalimu. Naomba kuuliza. Juzi nilipoeleza pale ubaoni, hukunielewa?" Aligusa daftari lake. "Tangu juzi najiuliza nilikosea wapi kueleza. Nimejaribu namna nyingine tatu. Mwalimu Martina anasema nilieleza vizuri, lakini nafikiri ananipa moyo tu."

Hakuwa na kejeli hata chembe. Alitaka kujua, kwa sababu alitaka siku nyingine aeleze vizuri zaidi. Daftari lake lilikuwa wazi mbele yake, na Zefania aliona kwa mbali mishale ya kwenda na kurudi, ukurasa mzima, imefutwa na kuchorwa upya. Mzee asiyeelewa mara moja husamehewa. Angesema hakuelewa, na darasa lote lingemwonea huruma, na Martina huko nyuma asingefungua mdomo. Martina alikuwa ameshainamisha uso ili asimwone mwalimu wake akisema.

"Ulieleza vizuri," Zefania alisema. "Nilikuelewa. Nilikuelewa hujamaliza."

Faith alibaki amesimama. Aliyapanga maneno hayo kichwani, ikaonekana usoni mwake kwamba hayapangiki.

"Sasa mbona ulimwambia ofisa nimekaririshwa?"

Zefania aliweka kofia chini.

"Niliona aibu, mwanangu," alisema. "Nikaona heri uibebe wewe."

Msichana alimtazama. Ana miaka kumi na saba, na hakuna aliyewahi kumwambia mtu afanye nini mkubwa akimjibu hivyo. Akafanya lile alilofundishwa tangu darasa la kwanza, ambalo hufanywa mwalimu akishakujibu swali.

"Asante, mwalimu," akasema, akaketi.